Lami ilipofika mtaani ndo mbio zikaanza

Mimi sipingi lami, hilo lieleweke kabisa. Nimeishi na vumbi la huku Moshi mjini, lile la mwezi wa nane mpaka wa kumi linaloingia hadi ndani ya kabati la vyombo, unaosha sahani jioni na kesho unaiosha tena kabla ya kupakua, na nimeishi na tope la masika la kubeba viatu mkononi mpaka ufike kwenye kituo ndo unavaa. Kwa hiyo greda lilipokuja tulishangilia, likaja la kushindilia, zikamwagwa kokoto, ikaja lami yenyewe, watoto wakalikimbilia lile gari na harufu yake, akina mama wakapiga vigelegele na wenye nyumba za kupangisha wakapandisha kodi kabla hata mistari haijachorwa (na mpaka leo haijachorwa).

Ila aisee hakuna aliyetuambia kwamba yale mashimo nayo yalikuwa yanafanya kazi.

Zamani mtu akiingia mtaani kwetu, hata awe na haraka gani, lazima arudi gia ya kwanza, ayumbe kulia kukwepa shimo, arudi kushoto kukwepa jiwe, na pale kwenye mkondo wa maji bodaboda ilikuwa inabidi abiria ashuke. Watoto walikuwa wanacheza rede katikati ya barabara, gari likija wanasogea, likipita wanarudi, mpira wenyewe haujapoa. Sasa hivi hicho kipande cha mita kama mia sita hivi kimenyooka, kipana, hakina kona, hakina mti, hakina njia ya waenda kwa miguu, hakina chochote cha kumwambia mtu punguza. Mtaa wenyewe siutaji maana mwenyekiti wangu anasoma humu, ila anayejua Moshi anaweza kukisia, ni moja ya ile mitaa inayounganisha barabara mbili kubwa, yani njia ya panya. Mtu akiona foleni kule mbele, au akitonywa kwamba kuna trafiki wamekaa na tochi ya kupimia spidi, anakata kona anapita kwetu.

Asubuhi saa moja kasoro, muda ule ule watoto wanaenda shule, ndo muda wa bodaboda kuwahisha watu makazini na wa Noah za shule kuchelewa. Mchana ni matipa ya mchanga na kokoto, maana Moshi nzima inajenga. Jioni wakazi wanarudi, na hapa tuambiane ukweli, wengi wanaokimbia ni watu wetu wenyewe, unamjua kwa jina, mnasali naye jumuiya, ila akikaa kwenye usukani wa ile IST yake ukimpungia mkono apunguze anadhani unamsalimia, anapiga honi anaongeza moto.

Alafu kuna Desemba. Kuanzia tarehe ishirini hivi Wachaga wote wa Dar wanapanda nyumbani, V8, Harrier, Crown, kila aina, mtu ametoka Dar usiku, masaa nane au tisa yuko barabara kuu, mwili umefika Moshi ila kichwa bado kiko Korogwe, anaingia mtaani na mbio zile zile. Hii kitu ipo kweli, ukikimbia muda mrefu barabara kuu ubongo unazoea, ukishuka mpaka sabini unajiona unatambaa. Sasa sabini kwenye mtaa wenye genge la nyanya, watoto wako likizo na mbuzi wa sikukuu amefungwa kwenye nguzo ya umeme. Mimi Desemba wanangu nawafungia geti, ndo sikukuu yao hiyo.

Kilichotuamsha ni mtoto wa jirani, wa darasa la pili, ametumwa chumvi kwa Mangi mwenye duka. Bodaboda akamgonga. Namshukuru Mungu ilikuwa mguu, akafungwa plasta akapona, sasa hivi anakimbia kuliko wenzake. Ila siku ile mtaa ulichemka, vijana walitaka kuichoma pikipiki, wazee wakazuia, na usiku huo huo vijana hao hao wakatoka na makoleo wakajenga tuta.

Naomba nilielezee hilo tuta vizuri kwa sababu mtu mzima ulikuwa unaweza kulikalia. Udongo mwekundu, mawe, sementi iliyochangwa hapo hapo gizani, limeshindiliwa kwa miguu na gogo, pande zote mbili limesimama wima. Halina rangi, halina kibao, halina taa. Siku za mwanzo lilifanya kazi, usibishe. Kila gari lilikuja likasimama, likapanda kwa adabu zote, ukasikia krrrr ya sampo kule chini ya injini, likashuka. Fundi wa gereji pale kona alinawiri kipindi kile, sijui kama hakuchangia ile sementi.

Alafu mambo yakaanza. Bodaboda wakagundua kwamba kati ya mwisho wa tuta na mtaro kumebaki ka-upenyo ka futi moja hivi, wakawa wanapita hapo bila hata kugusa breki, na hapo ndo watu wanapotembea, yani tuta liliwahamisha kutoka katikati ya barabara likawaleta kwenye miguu ya watoto. Dereva wa teksi mmoja akakataa kabisa kuingia mtaani kwetu, mgonjwa mkamsubirishe kwenye njia kubwa. Na usiku mmoja jamaa anayesambaza mayai madukani, taa yake ya mbele mbovu, akalipanda na spidi yake yote. Yeye alichubuka viwiko, pikipiki ikapinda usukani, na trei zote zikamwagika pale kwenye lami, tukakanyaga ute mpaka kesho yake mchana. Alikaa chini anayaangalia tu. Mama mmoja akamletea maji, mwingine akaleta ndoo kuokota yaliyopona, na ndo hapo nikasikia kwa mara ya kwanza mtu wa mtaa wetu anasema hili tuta nalo litaua mtu.

Halikuua. Mvua za mwezi wa nne zikalimaliza, ila kabla ya kufa lilizuia maji yasiende mtaroni, yakageuka yakaingia kwenye uwanja wa mama muuza vitumbua, akaamka kuni zinaelea.

Toka hapo nimekuwa mtu wa matuta. Mume wangu anacheka, anasema wake za wenzake wanaangalia tamthilia mimi naangalia barabara. Lakini ukianza kusoma haya mambo hutoki, kumbe kuna watu wameumiza kichwa miaka na miaka. Arthur Holly Compton, yule Mmarekani aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1927, alikuwa anaongoza chuo kikuu cha Washington kule St. Louis, akachoka na magari yanavyokimbia chuoni, mwaka 1953 akakaa akabuni matuta. Mtu wa mionzi ya eksirei kabisa anapiga hesabu za tuta! Nikisoma vitu vya hivi najisikia niko kwenye kundi zuri.

Ila aliyenifungua macho ni Mwingereza mmoja, Watts, wa maabara yao ya utafiti wa barabara. Mwaka 1973 alitoa ripoti ya majaribio ya matuta ya maumbo tofauti, na umbo lililotoka pale linanakiliwa mpaka leo: urefu wa mita 3.7 ukilipima kwa kufuata barabara, na kimo cha sentimita 10 pale katikati, linapanda polepole na kushuka polepole. Yani ni refu kuliko umbali wa kati ya tairi za mbele na za nyuma za gari dogo, na maana yake ipo. Tuta fupi na kali kama letu lile, ukilipita taratibu linakutesa, ila ukilipita na mbio springi na shokapu zinalimeza, tairi inaruka juu inarudi, mwili wako hausikii sana. Kwa hiyo tuta kali linamuadhibu aliyepunguza na kumsamehe anayekimbia mwenye gari la juu, mwenye V8 anapita anaongea na simu, mwenye Passo anashusha abiria. Tuta refu la mgongo mpana linafanya kinyume, gari zima linapanda na kushuka, ukienda taratibu huumii chochote na sampo haigusi, ukizidisha linakurusha wewe na abiria wako kichwa mpaka kwenye dari. Maumivu yanapanda na spidi. Tungejua hivyo usiku ule tungetumia udongo zaidi na hasira kidogo, japo hata hivyo bado ingekuwa kosa, barabara ni ya serikali, huwezi kujiamulia usiku na koleo.

Sasa kuna meku mmoja mtaani, yani mzee wetu, namheshimu sana, kila tukikaa kikao anasema tatizo ni watoto wa siku hizi hawafundishwi kuvuka. Zamani bwana tulifundishwa, angalia kulia, angalia kushoto, angalia tena kulia. Shikamoo nampa, ila hoja yake naikataa. Mtoto wa miaka saba unaweza kumfundisha kuangalia, na anaangalia kweli, anageuza shingo vizuri kabisa, tatizo anachokiona hawezi kukipimia mbio. Gari liko kule anaona liko mbali, hajui kwamba mbali ya spidi thelathini na mbali ya spidi sitini ni vitu viwili tofauti. Alafu ni mtoto, mpira ukitoka ametoka. Utamfundisha mpaka lini asiwe mtoto?

Na hesabu zenyewe ziko wazi, nilizifanya kwenye karatasi ya daftari la mwanangu kikaoni. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde linakula karibu mita 14. Dereva akiona mtoto inamchukua kama sekunde moja mpaka mguu ufike kwenye breki, na hiyo ni kama yuko macho, hana simu, hajatoka kunywa mbege. Kwa hiyo mita 14 zimeshaenda kabla hata hajaanza kushika breki, alafu anahitaji zingine kama hizo mpaka gari lisimame, lami ikiwa kavu. Aliyekuwa anaenda 30 amekula mita 8 na kitu kwenye ile sekunde ya kushtuka, na breki zinamalizia kwa mita kama 5. Yani mtoto yuko mita 14 mbele: wa 30 amesimama, anamtukana mtoto, mtoto amekimbia kwao. Wa 50 hapo hapo ndo kwanza mguu unagusa pedeli, anamgonga na ile hamsini yake yote. Kikao kilinyamaza kidogo. Meku akasema hesabu za siku hizi.

Hii ndo sababu hao Shirika la Afya Duniani na wengine wamekazania 30 kwenye mitaa ya watu. Mwezi wa pili 2020 nchi nyingi zilikutana Stockholm kwenye mkutano wa mawaziri wa usalama barabarani, wakatoa azimio kwamba pale watu wa miguu na baiskeli wanapochanganyikana na magari, mwisho uwe 30. Kuna miji ilishaanza zamani, Graz ya Austria toka 1992 mitaa yake yote ukitoa barabara kubwa ni 30, Hispania mwaka 2021 wakaweka 30 kwa mitaa yote ya mjini yenye njia moja kila upande. Kwetu sheria ya usalama barabarani ni ya 1973 na mwisho kwenye makazi ni 50. Hamsini! Kwa barabara ya Arusha mjini au ile ya kuingia Moshi sawa, lakini kwa mtaa ambao mlango wa sebule unafungukia barabarani? Mtu akipita kwetu na 49 hajazidisha spidi ya sheria, na yule mtoto wa chumvi angeweza kugongwa na mtu ambaye hajazidisha.

Na hata sheria ingekuwa 30, nani atasimamia? Trafiki wanakaa barabara kubwa, na wana haki, ndo kwenye mabasi na malori. Faini ipo, mwaka 2021 bodaboda na bajaji walipunguziwa kutoka elfu thelathini ikawa elfu kumi, lakini faini ni ya aliyekamatwa, na kwenye njia ya panya hakamatwi mtu, ndo maana ikaitwa ya panya. Kibao nacho tuliwahi kuweka, kizuri, mchoraji wa mabango alitufanyia bure, PUNGUZA MWENDO WATOTO, na picha ya mtoto mwenye kichwa kikubwa kidogo. Kiliibiwa, nadhani sasa ni mlango wa banda la kuku mahali.

Nilichokuja kukielewa ni kwamba dereva hamsikilizi mtu yeyote, anaisikiliza barabara. Ukimpa barabara pana iliyonyooka alafu ukamwekea kibao cha punguza ni kama kumwekea mtoto sahani ya pilau mbele yake ukamwambia asiguse. Pita mtaa wa Shanty Town hapa Moshi uone, ile miti mikubwa imeziba juu, kivuli, huoni mbali, bila hata kuambiwa unajikuta umepunguza. Toka hapo nenda kwenye barabara yoyote mpya iliyofyekwa miti yote, mguu wenyewe unakandamiza. Dereva ni yule yule na gari ni lile lile.

Waholanzi walilijua hili mapema kwa machungu. Mwaka 1971 nchi yao ndogo ile ilipoteza watoto zaidi ya mia nne barabarani kwa mwaka mmoja, wazazi wakaingia mitaani na jina la kampeni yao lilikuwa kali, ukiliweka kwa Kiswahili ni Acheni Kuua Watoto. Delft walikuwa wameshaanza kuibadilisha mitaa toka mwisho wa miaka ya sitini, wanaweka miti na sehemu za maua katikati kabisa ya njia, maegesho upande huu alafu upande ule ili gari lisiende moja kwa moja, wanaondoa ile ngazi ya barabara na njia ya miguu kila kitu kikawa usawa mmoja, gari linapita kama mgeni. 1976 serikali yao ikaliingiza kwenye sheria. Ukiangalia vizuri walichofanya ni kurudisha kile kilichokuwepo mtaani kwetu kabla ya lami, kuyumba kulia, kuyumba kushoto, ila bila mashimo na bila vumbi. Sisi tulikuwa nacho bure tukakifukia.

Ila usiende mbali, hata huku Afrika kuna kazi zimefanyika. Ghana, pale njia panda ya Suhum kwenye barabara ya Accra kwenda Kumasi, waliweka rasta tu, ile mistari ya kunguruma, ajali zikapungua asilimia 35 na vifo asilimia 55. Lakini hiyo ni barabara kuu. Kwa mtaani rasta sizitaki, uliza mtu yeyote anayelala karibu na rasta, kila tipa likipita usiku dirisha linaongea. Na Dar es Salaam kuna shirika linaitwa Amend, wanapita kwenye shule za msingi wanaangalia watoto wanaumia wapi alafu wanarekebisha pale pale, matuta, zebra, njia ya miguu, vinguzo vya kuzuia magari na pikipiki zisipande, na kuna shule walihamisha geti tu, likatoka upande wa barabara kubwa likaenda upande wa pili. Geti! Mwaka 2019 mradi wao huo ulishinda tuzo kubwa ya kimataifa ya miji, ile ya taasisi ya utafiti ya WRI, ya kwanza kabisa kutolewa, wakaishinda miradi ya miji mingine. Kwa vinguzo, rangi na mageti. Nikisikia mtu anasema hatuna hela ya mambo haya mimi nakumbuka hilo geti.

Wanaopinga tumewasikiliza, na wengine wana hoja. Wa kwanza ni wa kuchelewa, huyu simuonei huruma. Mtaa wetu ni mita mia sita, ukiupita na 50 mwanzo mwisho ni sekunde 43, na 30 ni sekunde 72. Unabishania nusu dakika, na hiyo nusu dakika utaikuta kule mbele umesimama unasubiri lori la ndizi ligeuze.

Bodaboda ndo hoja yao ilinigusa. Nilikaa na vijana wa kijiwe chetu pale chini ya mwembe, nikawaambia wadogo zangu nyie ndo mnaoongoza kwa kukimbia. Mmoja akaniambia, dada, mimi silipwi kwa saa, nalipwa kwa kichwa, jioni bosi anataka hesabu yake hata kama mvua imenyesha siku nzima, na abiria mwenyewe akipanda neno la kwanza ni niwahishe. Akaniuliza, wewe jana asubuhi ulipanda na nani na ulimwambiaje? Nikacheka tu. Tuta haliwezi kumlipa hesabu, hilo najua, lakini wao wenyewe walikubali kitu kimoja ambacho sikutegemea, kwamba kama wote wamepunguzwa sawa sawa hakuna anayepoteza, shida inakuwa pale mmoja anapenya na mwingine anasimama. Kwa hiyo ule upenyo wa pembeni wao wenyewe wanataka uzibwe. Na wakataka rangi nyeupe nzito na taa, maana yule wa mayai ni mwenzao.

Hoja ya wagonjwa nayo ni ya kweli, mtu aliyevunjika mgongo huwezi kumrusharusha njiani akienda hospitali ya KCMC, na kila tuta linamchelewesha mwenye haraka ya haki. Ndo maana sitaki matuta mengi, nataka machache yaliyokaa sehemu sahihi na ya umbo sahihi, na sehemu iliyobaki kazi ifanywe na vitu vingine. Tuta moja peke yake nalo halina maana, mtu anapunguza pale, akilivuka anafidia, kati ya tuta na tuta ndo anafungua. Yakikaa mbali sana unakuwa umemtengenezea mashindano ya kuondoka.

Mdogo wangu mmoja aliyesomea ujenzi alikuja likizo akatuchorea. Barabara zetu za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, toka 2017, kwa hiyo mchoro ni wa kupeleka ombi, sio wa kuchimba. Pale shuleni ameweka tuta bapa, lile lenye juu tambarare, zebra inapita juu yake, mtoto anavuka akiwa ameinuliwa anaonekana, na gari ndo linapanda kwenye njia ya mtoto. Pembeni bomba la kupitisha maji yaende mtaroni, mama wa vitumbua alisimamia hilo mwenyewe, akauliza mara tatu bomba ni la inchi ngapi. Vinguzo vya zege pande zote mbili kuziba upenyo wa pikipiki, ila viachane kiasi kiti cha magurudumu kipite na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo asikwame. Kwenye zile kona mbili za kuingia mtaani ameifinya njia. Kona ilivyo sasa ni pana mno, gari linaingia kutoka barabara kubwa bila kugusa breki, ukiibana dereva analazimika kukata usukani kweli kweli, na akishaingia taratibu kuna matumaini. Katikati ya mtaa miti, upande huu alafu upande ule, kwenye vitalu vilivyoingia barabarani kidogo. Hapo kikao kilibishana kuliko kote, nani atamwagilia, jakaranda au mwarobaini, jakaranda inaangusha maua utelezi, mparachichi utavunjwa na watoto, nusu saa nzima. Mwenyekiti akasema mti tutaamua mbele ya safari.

Mangi yeye alikuwa na lake, anaogopa kona ikibanwa lori la soda halitageuka kumshushia mzigo. Tukaenda naye na utepe wa fundi cherehani tukapima mpaka akaridhika, au tuseme alichoka.

Kwa hiyo ombi limeandikwa, mchoro umeambatanishwa, muhtasari wa kikao umepigwa mhuri, kilichobaki ni sahihi za wakazi maana mtendaji kasema zikiwa chache itaonekana ni la watu wawili watatu wenye magari mabovu. Karatasi iko kwa Mangi juu ya friji la soda, kalamu imefungwa na kamba kwenye msumari maana ya kwanza ilishaondoka. Jumamosi jioni naichukua. Wapangaji nanyi mnaruhusiwa kusaini, kuna watu wanauliza, na wale wa Dar wenye nyumba mtaani kwetu mnipigie, nyie ndo nawataka kuliko wote.